Nauli ya Kwenda Kusema Ukweli

Katika ripoti za sheria za mwaka 2003 kuna shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake watatu dhidi ya Jamhuri. Humo Mahakama ya Rufani ilisema jambo ambalo tangu hapo kila wakili wa Serikali analikariri: hati ikishapokelewa kuwa kielelezo, isomwe kwa sauti mahakamani. Mshtakiwa asikie kilichoandikwa kabla hajaanza kujitetea. Isiposomwa, rufaa ikifika juu, hati hiyo hufutwa kwenye kumbukumbu kana kwamba haikuwahi kuwapo.

Sina ugomvi na kanuni hiyo. Mtu anayekabiliwa na miaka 30 jela ana haki ya kusikia daktari aliandika nini. Lakini nimekuwa nikisoma hukumu za kesi za ubakaji kutoka Mbeya na Iringa, ambazo siku hizi ziko wazi kwa yeyote mwenye simu na bando, na kuna karatasi moja inayojirudia: PF3, fomu ya polisi namba tatu. Mara kwa mara hutajwa ili iondolewe. Haikusomwa kwa sauti. Au mshtakiwa hakuambiwa kwamba anaweza kutaka aliyeijaza aitwe kuhojiwa. Fomu inaanguka, na majaji wanageukia kilichobaki, ambacho ni maneno ya mtoto au ya mwanamke mwenyewe. Katika shauri la Selemani Makumba, lililoripotiwa mwaka 2006, Rufani ilishasema kwamba ushahidi bora kuliko wote katika makosa haya ni wa yule aliyetendewa. Na tangu Sheria ya Ushahidi ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo. Anaahidi tu kusema ukweli na si uongo, kisha anaeleza.

Basi sheria yetu, kwa namna fulani, imeweka mzigo wote kwenye miguu ya mtoto huyo. Akifika mahakamani, kesi inaweza kusimama hata karatasi zote zikianguka. Asipofika, hakuna kesi. Hukumu zote nilizokuwa nikisoma ni za watu waliofika, na hukumu haielezi shahidi alifikaje. Haisemi alitoka Pawaga au Mgololo, aliamka saa ngapi, nani alimshika mkono, nani alilipa. Jambo hilo likanikaa kichwani, likanipeleka Mafinga.

Mwanamke niliyemkuta huko ni msaidizi wa kisheria. Jina lake silitaji, kwa kuwa mashauri anayoyafuatilia bado yako mahakamani na Mafinga ni mji ambao watu wanajuana. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, anavaa sweta juu ya kitenge hata mchana, na amejibanza kwenye chumba kimoja anachochangia na fundi cherehani. Malori ya mbao yalikuwa yakipita nje mfululizo, kwa hiyo alikuwa akinyamaza kidogo, lori likapita, akaendelea pale pale alipoachia.

“Kamwene, mama. Shikamoo.”

“Kamwene. Marahaba, mwanangu. Umekuja kuuliza habari za mradi?”

Nilimwambia nimekuja kuuliza habari za PF3. Akacheka, akasogeza kiti. “Hilo swali wengi hawalijui. Kaa.”

Kilichofuata ni maelezo marefu ya safari ya karatasi moja, na nitayaandika kwa urefu huohuo, kwa sababu sijawahi kusikia mtu akiyaeleza hivyo.

Kwanza, anasema, PF3 haitoki hospitali. Inatoka polisi. Mtoto akidhurika huko Ihanu au Sadani, mama yake huenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji wa kijiji, kisha amtafute mkaguzi wa polisi wa kata kama yupo. Fomu yenyewe huenda ikapatikana kituoni tu. Kwa majeruhi wa dharura, mganga hatakiwi kusubiri karatasi ndipo amguse, lakini vijijini watu wengi wanaamini bila PF3 hutibiwi, kwa hiyo wanaifuata kwanza. Hapo saa zinakwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Za dharura za kuzuia mimba ndani ya saa 120. “Mimi nilikuwa nahesabu tangu tukio,” anasema. “Siyo tangu waliponipigia. Wakinipigia, nauliza kwanza: ilikuwa lini, saa ngapi?”

Pili, nguo. Hapa alisimama, akatoa kwenye kabati mfuko wa kaki, ule wa karatasi wanaofungia mikate, akaufungua mbele yangu. Nguo za mtoto hazifuliwi, na haziwekwi kwenye rambo. Mfuko wa plastiki hutoa jasho, nguo zinavunda, na chochote ambacho mkemia angekiona kinaharibika. Zinawekwa kwenye karatasi, kila nguo na mfuko wake, zinaandikwa. Mtoto naye haogeshwi mpaka aonwe. “Mama yeyote mtoto wake akipatwa na jambo hilo, kitu cha kwanza ni kumwogesha. Ni huruma. Ndiyo maana lazima mtu afike mapema amwambie, mama, subiri kidogo, najua mtoto ni wako, ila subiri.” Mifuko hiyo ya kaki alikuwa akipewa na mradi. Aliyokuwa nayo siku ile alinunua mwenyewe dukani, na ilikuwa michache.

Tatu, mjazaji. Si kila zahanati ina mtu wa kujaza fomu hiyo na baadaye kusimama kizimbani kuitetea. Anayeandika “hakuna michubuko” na kuishia hapo amempa wakili wa utetezi silaha. Anayeandika alichokiona, sehemu gani, na kwamba kutokuonekana kwa michubuko hakumaanishi tukio halikutokea, amemsaidia hakimu kuelewa. Tofauti ya wawili hao ni mafunzo ya siku chache, na kwa miaka mingi mafunzo hayo yalilipiwa na wafadhili.

Nne, kurudi. Fomu ikishajazwa na kupigwa mhuri inatakiwa irudi polisi, iingie kwenye faili. Nani anairudisha? Hapa ndipo mama yule alipopandisha sauti. Mara nyingi anayeirudisha ni mzazi wa mtoto, akiwa ameikunja ndani ya leso, kwa bodaboda au kwa mguu. Ameshaona yaliyoandikwa. Wakati mwingine anayetuhumiwa ni mjomba, au baba wa kambo, au mwenye shamba ambako familia inalima vibarua. Njiani kuna watu wa kumwambia aichane, yamalizwe nyumbani. “Nimeshaletewa PF3 imelowa chai,” anasema. “Nimeletewa nusu. Kuna iliyokaa chini ya godoro miezi, familia inajadiliana. Ndiyo maana nilikuwa naibeba mimi.”

Tano, mahakama. Shauri la ubakaji halisikilizwi mahakama ya mwanzo. Linapelekwa wilayani, na kwa watu wa vijiji vya mbali wilayani ni safari. Linatajwa, linaahirishwa, linatajwa tena. Aliyejaza fomu amehamishwa, yuko Katavi au Tanga, naye anatakiwa aje. Mwisho wa yote karatasi ile inasimamishwa mbele ya hakimu, na mtu anapaswa akumbuke kuisoma kwa sauti.

Ukimsikiliza akieleza hatua hizo unagundua kwamba kwenye kila moja kulikuwa na fedha kidogo iliyokuwa ikitoka mahali fulani: vocha ya simu ya mkuu wa dawati la jinsia na watoto polisi, mafuta ya gari la polisi, chakula cha mchana cha mtoto anayesubiri tangu asubuhi, nauli ya mama yake, posho ndogo ya mwezi ya mtu wa kubeba karatasi. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni kubwa. Kama nyuzi za kapeti, ukichomoa moja huoni kitu, ukizichomoa zote unabaki na vumbi sakafuni.

Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje ya Marekani kwa siku 90. Siku nne baadaye maagizo ya kusimamisha kazi yakaanza kutumwa. Mama yule aliyapata kwenye kundi la WhatsApp la wahudumu wa mradi wake, uliokuwa ukiendeshwa kwa fedha za Marekani. Wakati huo alikuwa akimfuatilia binti mmoja aliyekuwa katikati ya siku zake 28 za kumeza dawa za kinga. Dawa zilikuwapo, kituo cha afya hakikufungwa, muuguzi alikuwa kazini. Aliyeondolewa ni mtu wa kwenda nyumbani kwa binti jioni kuona kama amezimeza, kwa maana dawa hizo zinachefua, na msichana wa umri ule akitapika siku mbili anaacha.

“Ulifanya nini, mama?”

“Nilikwenda. Ningefanya nini?”

Wasomaji wanaoishi nje ya Nyanda za Juu Kusini huenda wakajiuliza kwa nini huduma kwa aliyebakwa ikatikisike kwa sababu ya amri ya Washington. Jibu liko kwenye ramani ya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima nchini ni asilimia 4.4. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, na hiyo ndiyo mikoa mitatu inayoongoza. Kwa hiyo fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003, zilielekezwa huku kwa wingi. Mbeya kwa miaka mingi ilihudumiwa kupitia Idara ya Ulinzi ya Marekani, kwa programu ya Walter Reed. Iringa ilikuwa chini ya miradi ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Ubakaji ni njia ya maambukizi, hivyo aliyebakwa akaingia kwenye bajeti kupitia mlango wa VVU. Walimpima, wakampa dawa, na kwa kuwa alikuwa ameshafika, wakamsindikiza polisi na mahakamani.

Sitaki kuudharau mlango huo. Uliokoa watu. Lakini mlango wa pembeni ukifungwa, mgeni hana pa kulalamikia, kwa kuwa hakualikwa kwa jina lake. Ruhusa ya muda iliyotolewa Februari 1, 2025 iliendeleza tiba ya wanaoishi na VVU na kinga ya mama kwenda kwa mtoto. Hata dawa za kujikinga kabla ya hatari zikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nauli ya shahidi haikuwa na nafasi kwenye orodha kama hiyo, na kwa mantiki ya mpango wa UKIMWI sidhani kama ingeweza kuwa nayo. Machi ile Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Julai 1, 2025, shirika lenyewe likakoma. Uingereza nayo ilishapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, na imetangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027.

Nilipofika upande wa Mbeya, baada ya Igawa barabara inaposhuka kuingia bonde la Usangu, nilizungumza na muuguzi mmoja wa Mbarali ambaye mama wa Mafinga alinielekeza kwake. Wamefahamiana tangu enzi za semina. Wakati wa mavuno ya mpunga, alisema, vibarua wanaingia kutoka kila upande, watoto wanabaki kwenye vibanda peke yao, na matukio yanaongezeka. Anayetuhumiwa naye ni kibarua, msimu ukiisha ameondoka. Yeye mwenyewe ameshaitwa mahakamani kama shahidi na akapanda basi kwa fedha yake. Posho ya shahidi ipo, alisema, ila inalipwa ukishafika. Yeye ana mshahara, anaweza kusubiri. Mama wa mtoto wa kibandani hawezi.

Jambo hilo nililithibitisha kwa kila niliyezungumza naye pande zote mbili. Fedha ya shahidi inamfuata shahidi. Haimtangulii. Mtu ambaye hana nauli ya kwenda hana namna ya kufika dirishani kuidai.

Ni haki kusema Serikali haikukaa bure. Madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi yamefika 420 nchi nzima, na vituo vya mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ofisa ustawi wanakaa chini ya paa moja, vimeongezeka tangu cha kwanza Tanzania Bara kilipofunguliwa Hospitali ya Amana, Dar es Salaam. Namba 116 ya kuripoti ukatili kwa watoto inapigwa bure. Mpango wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, MTAKUWWA, ulizinduliwa Desemba 2016, na awamu ya pili ikaja 2024. Takwimu nazo zimesogea: utafiti wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 40 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamepata kupigwa tangu wafike miaka 15, ule wa 2022 ukakuta 27. Waliofanyiwa ukatili wa kingono walishuka kutoka 17 hadi 12.

Dawati lina meza, na lina askari aliyefundishwa. Nimeyaona, na askari niliowakuta walikuwa watu wenye moyo. Ila meza haisafiri kwenda Ihanu. Kituo cha mkono kwa mkono kiko hospitalini mjini, na thamani yake kwa mtoto wa kijijini inaanza pale anapoweza kukifikia. Tumejenga mahali pa kupokelea. Barabara ya kumleta anayepokelewa tuliiachia miradi.

Mama wa Mafinga hakunipa nafasi ya kuilaumu Marekani kwa raha. Nilipoanza kusema kwamba wametuacha njiani, alinikatiza.

“Mwanangu, fedha ni yao. Sisi tulikuwa wapi miaka yote hiyo?”

Akaendelea, na hapa ndipo aliposema maneno ambayo watu wa miradi hawasemi mbele ya kinasa sauti. Semina zilikuwa nyingi kuliko nauli. Alishalala kwenye hoteli nzuri ya Iringa mjini kwa mafunzo, akala vizuri, akapewa begi na fulana, na wiki hiyohiyo kuna mtoto ambaye shauri lake lilikwama kwa kukosa fedha ya basi la kwenda na kurudi. Aliuliza kwenye kipindi cha maswali kama gharama ya chakula cha jioni inaweza kuhamishiwa kwa yule mtoto. Aliambiwa mwongozo wa mfadhili hauruhusu.

Kwa hiyo fedha hizo hata zilipokuwapo hazikuwa zake, wala za mtoto. Zilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa na sababu zake. Naamini hilo ndilo tatizo la msingi, na lilikuwapo kabla Trump hajashika kalamu. Aliyedhurika na jinai katika nchi yetu hana fungu. Anayetuhumiwa anayo mahabusu inayomlisha na gari la kumleta mahakamani. Hilo ni jambo jema na la kisheria, sitaki lipunguzwe. Aliyedhurika anajileta. Sheria inaamuru mbakaji afungwe si chini ya miaka 30 na amlipe fidia aliyemtendea, kwa kiasi ambacho mahakama itaona. Kijana wa kibarua aliyefungwa miaka 30 atailipa kwa fedha gani? Nimesoma amri za fidia za mamilioni kwenye hukumu hizo, na kila nikiziona najiuliza kama kuna hata mmoja aliyepokea.

Wengine wamejaribu njia tofauti. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Waathirika mwaka 2014, ikaweka ndani yake mfuko wa udhamini kwa ajili yao. Na Marekani yenyewe, tangu 1984, ina Mfuko wa Waathirika wa Uhalifu usiotegemea kodi ya wananchi. Unajazwa na faini zinazotozwa wahalifu wa makosa ya shirikisho, zikiwamo kampuni kubwa zilizokutwa na hatia. Hata mfuko huo umeyumba. Faini zilipopungua, kiwango kilichoruhusiwa kutumika kilishushwa kutoka dola bilioni 1.9 mwaka wa fedha 2023 hadi bilioni 1.35 mwaka 2024, na nyumba salama na vituo vya ushauri huko vikapunguza watu. Mwanamke wa Ohio na mwanamke wa Kilolo hawafanani kwa mengi, lakini wote wawili wameambiwa fedha imepungua na watu ambao hawatawaona kamwe.

Nilimweleza mama habari za mfuko wa faini. Alifikiri, lori likapita, akasema huku faini inayotozwa kila siku ni ya barabarani, nayo inakwenda Mfuko Mkuu. Kisha akanyoosha mkono mlangoni. “Mbao hizi unaziona? Kila lori linalipa ushuru. Halmashauri yetu haiwezi kusema haina nauli ya watoto wachache kwa mwaka.”

Nilidhani hilo ni neno la hasira, kumbe ameshalifanyia kazi. Alikwenda halmashauri kuuliza. Walimpokea vizuri, anasema, hakuna aliyemfukuza. Ofisa mmoja alifungua kompyuta mbele yake, akatafuta. Kulikuwa na kasma ya posho za vikao, kasma ya dizeli, kasma ya shajala. Ya kumsafirisha shahidi mtoto kabla ya kesi haikuwapo. Wakamshauri jambo ambalo kikanuni ni sahihi kabisa: mipango inaibuliwa chini. Aanzie mkutano wa kijiji, ipite kamati ya maendeleo ya kata, ipande wilayani, madiwani waipitishe kwenye bajeti.

Akaenda mkutano wa kijiji. Watu waliomba maji, wakaomba zahanati imaliziwe, wakabishana muda mrefu kuhusu mpaka wa shamba la shule. Yeye alinyamaza.

“Kwa nini, mama?”

“Ningesemaje? Niseme naomba nauli ya mtoto aliyebakwa? Hapo kila mtu anajua ni mtoto gani. Mama yake yuko nyuma kule. Na yule mwanamume, yuko nje kwa dhamana, amekaa mbele karibu na meza.”

Sijapata jibu la hilo, na nimewauliza watu wanaolipwa kuwa na majibu. Utaratibu wa kuibua mahitaji kutoka chini ni mzuri kwa kisima, kwa sababu hakuna anayeona aibu kuwa na kiu. Kwa hitaji ambalo mwenye nalo hawezi kulitamka hadharani bila kuumizwa tena, utaratibu huo umefungwa. Ni lazima kasma hiyo ianzie juu, kwenye mwongozo wa bajeti unaotoka Hazina kila mwaka, iandikwe kama inavyoandikwa dizeli. Nani ataiandika? Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, ambayo shahidi ni wake? Wizara ya wanawake na watoto, ambayo MTAKUWWA ni wake? Au TAMISEMI, ambayo ofisa ustawi ni mtumishi wake? Mama yule ameshasikia kila moja ikitajwa, na kila anayeitaja anatoka nyingine.

Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tunayo tangu 2015. Ni sheria nzuri kwa shahidi ambaye maisha yake yanatishiwa. Haimsaidii shahidi ambaye maisha yake hayatishiwi na mtu, ana basi tu la kupanda saa kumi na moja alfajiri na hana cha kumpa konda.

Siku nilipoondoka alikuwa anajiandaa kwa shauri moja lililopangwa kusikilizwa. Lilishaahirishwa kabla: mara ya kwanza shahidi wa kitabibu hakufika, ya pili hakimu alikuwa na udhuru. Kila ahirisho linakula nauli ya watu watatu, mtoto, mama na yeye, na katikati ya ahirisho moja na jingine ndugu wa upande wa pili wanakuja nyumbani na mazungumzo ya mbuzi na mahari. Mama wa mtoto amekataa mara zote. Nilimwuliza msaidizi wa kisheria kama anadhani atakataa tena.

“Amechoka,” alisema. “Simlaumu. Mimi mwenyewe safari hii nimeuza kuku.”

Barua yake ya maombi sasa iko halmashauri, imepokelewa na kupigwa mhuri. Nimeisoma nakala. Ni ukurasa mmoja wa mwandiko wa mkono. Ameomba nauli ya shahidi mtoto na mzazi wake ilipwe kabla ya safari, chakula cha mchana siku ya kesi, na mifuko ya kaki. Hakuomba semina. Alipokwenda kuulizia, aliambiwa asubiri mwaka ujao wa fedha, na kwamba hata hivyo aipitishe kwanza kwenye mkutano wa kijiji.